Ukitaka kuijua Kanada kwa filamu, usitazame moja bila mwenzake

Wasomaji wengi wanaoniandikia wako Kanada tayari au wako njiani kwenda. Wametoka Nyarugusu, Nakivale, Bukavu, Mombasa. Wengine wanajiandaa kwa mtihani wa uraia, ule wa maswali 20 ambao ukipata 15 umefaulu, na wananiuliza watazame filamu gani ili waielewe historia ya nchi ile zaidi ya kukariri majina ya mawaziri wakuu. Kazi yangu ni kufundisha historia kwa kutumia filamu za makala, yaani za watu na matukio ya kweli, kwa hiyo swali hili nalipenda sana. Ninachowajibu wote ni kimoja: tafuta tukio au mahali palipopigwa picha zaidi ya mara moja, kwanza na mgeni au serikali, kisha na watu wenyewe. Tazama zote mbili. Historia utaiona katika tofauti yao.

Kanada inafaa sana kwa zoezi hili kwa sababu serikali yake ina chombo chake cha kutengeneza filamu, Bodi ya Taifa ya Filamu, kilichoanzishwa mwaka 1939 chini ya Mskoti John Grierson. Miezi michache baadaye vita vikuu vikaanza, na kazi ya bodi ikawa kuwatia wananchi moyo wa kupigana. Filamu yake Churchill's Island ya 1941 ndiyo iliyopata Oscar ya kwanza kabisa kutolewa kwa filamu ya makala. Lakini chombo hicho hicho, kwa pesa hiyo hiyo ya walipa kodi, baadaye kilitengeneza filamu zinazoishtaki serikali waziwazi. Tangu 2009 sehemu kubwa ya hazina yake iko kwenye tovuti yake, bure, kwa Kiingereza na Kifaransa.

Mimi huanzia Inukjuak, kijiji cha Wainuiti, wenyeji asilia wa nchi za barafu, kaskazini mwa jimbo la Quebec, ingawa filamu ya kwanza ya huko si ya bodi. Mwaka 1920 alifika Robert Flaherty, Mmarekani, akidhaminiwa na kampuni ya biashara ya manyoya ya Revillon Frères. Alikuwa amekwisha piga picha za Wainuiti miaka ya nyuma, lakini mkanda ule uliteketea mwaka 1916 kwa moto wa sigara yake mwenyewe. Safari hii alimchagua mwindaji mmoja, Allakariallak, akampa jina la Nanook, na mwaka 1922 Nanook of the North ikaonyeshwa New York. Dunia nzima ikaipenda.

Itazame taratibu. Nanook anapelekwa kwenye duka la mzungu, anaonyeshwa gramafoni, anacheka, kisha anaiuma santuri kwa meno kana kwamba hajui ni kitu gani. Tukio hilo lilipangwa. Watu wa Inukjuak walikuwa wanaijua gramafoni. Uwindaji wa kutumia machusa nao ulipangwa, kwani bunduki zilikuwa zimeshaenea. Na ile nyumba ya theluji tunayoona familia ikilala ndani yake ilijengwa kubwa kupita kawaida, tena ikaachwa wazi upande mmoja ili mwanga uingie, maana kamera za wakati ule hazikuweza kupiga picha gizani. Kwa hakika familia ile ilikuwa nje ilipokuwa ikivua nguo na kujifunika ngozi.

Wanafunzi wangu wakisikia haya husema basi filamu ni ya uongo, tuiache. Siwakubalii. Wainuiti hawakuwa waigizaji tu. Ndio waliokuwa wakitengeneza kamera ikiharibika, wakichota maji ya kusafishia mkanda na kushauri nini kipigwe picha. Mikono inayochonga kipande cha barafu safi kiwe dirisha ni mikono inayoijua kazi yake. Kinachopotosha ni wakati: Flaherty alitaka maisha ya babu zao, akayaonyesha kama ya leo. Watazamaji wa kusini wakabaki na picha ya watu wasioguswa na kitu, wanaoweza kuishi popote penye theluji.

Picha hiyo huwa nairudia kichwani ninapofika mwaka 1953. Mwaka huo serikali ya Kanada ilizichukua familia kutoka Inukjuak, ikazipandisha meli hadi Aktiki ya juu, karibu kilomita 2,000 kaskazini, kwenye sehemu zinazoitwa leo Grise Fiord na Resolute. Waliambiwa kuna wanyama tele na kwamba wakitaka kurudi baada ya miaka miwili watarudishwa. Ahadi ya kurudi haikutimizwa. Kwao walikuwa na ndege, mayai, matunda madogo ya porini na vichaka vya kuwashia moto. Kule walikuta changarawe na usiku unaodumu miezi. Serikali ilisema inawaokoa na uhaba wa wanyama. Waliohamishwa wengi wanaamini walipelekwa ili bendera ya Kanada iwe na watu chini yake wakati wa vita baridi.

Kundi jingine lilifuata mwaka 1955, na ndani yake alikuwamo Josephie, mtoto ambaye Flaherty alimzaa na mwanamke wa Inukjuak na hakurudi kumwona kamwe. Josephie alisafiri na binti yake mdogo, Martha. Mwaka 2009 mwongozaji Marquise Lepage alitoa filamu ya bodi iitwayo Martha of the North, na ndani yake Martha Flaherty, sasa mtu mzima, anaeleza njaa, baridi, na jinsi alivyokuwa akifuatana na baba yake kuwinda angali mtoto. Itazame mara tu baada ya Nanook. Babu alipiga picha za watu wasiohitaji kitu kutoka kwa yeyote. Mjukuu anasimulia jinsi watu hao walivyoachwa bila kitu. Mwaka uliofuata, Agosti 2010, serikali ilikwenda Inukjuak kuomba radhi.

Jozi ya pili nitaipitia haraka, ingawa ni kali. Baada ya Japani kushambulia bandari ya Marekani ya Pearl Harbor, Kanada iliwaondoa watu wapatao 22,000 wenye asili ya Kijapani kutoka pwani ya British Columbia, jimbo la magharibi, wengi wao raia, ikauza nyumba zao, mashamba yao na mashua zao za uvuvi. Mwaka 1945 bodi ilitoa Of Japanese Descent, filamu inayoonyesha kambi zenye bustani, shule na watu wanaotabasamu, huku msimulizi akituhakikishia kila kitu ni shwari. Mwaka 1992 bodi hiyo hiyo ikatoa Minoru: Memory of Exile ya Michael Fukushima, iliyochorwa kwa mkono, baba yake akisimulia: alifukuzwa kwao angali mvulana, vita vilipokwisha akapelekwa Japani asikokujua, kisha akajiunga na jeshi la Kanada wakati wa vita vya Korea ili apate kurudi nyumbani. Katikati ya filamu hizo mbili, mwaka 1988, serikali ilikuwa imeomba radhi na kuwalipa walionusurika dola 21,000 kila mmoja.

Utaona kwamba filamu nyingi za kabla ya 1960 zina sauti moja ya kiume, nzito, inayoeleza kila kitu kutoka juu. Siasa ilichangia, lakini mashine nayo ilichangia. Kamera zilikuwa nzito na zenye kelele, na kurekodi mazungumzo ya mtu shambani au baharini ilikuwa shida kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana wa Montreal, akiwemo Michel Brault, walianza kutembea na kamera begani na kunasa sauti papo hapo. Ghafla watu wakaanza kusikika wakiongea wenyewe. Katika Pour la suite du monde ya 1963, Brault na mwenzake Pierre Perrault walikwenda kisiwa cha Île-aux-Coudres, kwenye mto Saint-Laurent, wakawashawishi wakazi wafufue mtego wa kuvulia nyangumi weupe ulioachwa miongo kadhaa. Wazee wanachimbia miti kwenye matope maji yakiwa yamekupwa, na wanabishana hadi mishipa ya shingo inawatoka: mtego huu tuliachiwa na wenyeji asilia au ulianzishwa na babu zetu kutoka Ufaransa? Hicho ni Kifaransa cha wavuvi, kwenye filamu ya serikali, miaka ileile Wafaransa wa Quebec walipokuwa wakianza kudai nafasi yao. Sijaona kitabu kinachoeleza fahari yao vizuri hivyo.

Sauti hiyo haikupendwa kila ilipotoka. On est au coton ya Denys Arcand, kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ilikamilika mwaka 1970 na bodi ikaizuia hadi 1976.

Kwingine sauti ilibadilisha mambo kabisa. Mwaka 1967 Colin Low alikwenda Fogo, kisiwa cha wavuvi huko Newfoundland, wakati serikali ya jimbo ilipokuwa ikihamisha vijiji vidogo vya pwani kwa madai kwamba havina mustakabali. Badala ya filamu moja ndefu alitengeneza vipande vifupi zaidi ya ishirini. Aliwaonyesha kwanza wakazi wenyewe, na asiyependa alivyoonekana alikuwa na haki ya kukataa. Ndipo vikapelekwa kwa mawaziri huko St. John's, mji mkuu wa jimbo, na majibu yao yakarekodiwa na kurudishwa kisiwani. Wakazi, ambao walikuwa wamegawanyika kwa madhehebu na hawakutembeleana sana, wakajiona wana shida moja. Walianzisha ushirika wa uvuvi na hawakuhama. Ukitazama vipande hivi utaviona vya kawaida sana, mtu ameketi jikoni anaongea. Kumbuka tu viliandaliwa vitazamwe na nani.

Sasa nifike kwa mtu ambaye, kwangu mimi, hakuna aliyefundisha historia ya Kanada kwa filamu kumzidi. Alanis Obomsawin ni Mwabenaki, yaani wa taifa moja la wenyeji asilia, alizaliwa 1932, alikuwa mwimbaji kabla ya bodi kumwita mwaka 1967. Filamu yake Incident at Restigouche ya 1984 inahusu Juni 1981, polisi wa Quebec walipovamia mara mbili makazi ya Wamikmaq, taifa jingine la wenyeji asilia, kuwazuia kuvua samoni. Kuna mahojiano humo ninayoyaonyesha kila mwaka. Amekaa uso kwa uso na Lucien Lessard, waziri aliyeamuru uvamizi, mtu wa chama kilichokuwa kinataka Quebec iwe huru. Obomsawin hamwachii: vipi wewe unayedai uhuru wa watu wako uwakatalie hawa wenye ardhi yao? Sauti yake haipandi sana, ila anamkata kauli, anamrudisha kwenye maneno yake mwenyewe, na waziri anaanza kubabaika. Mwongozaji wa kawaida angejiondoa kwenye picha. Yeye alibaki ndani, kwa sababu lile halikuwa jambo la watu wengine.

Kisha kuna Kanehsatake: 270 Years of Resistance, ya 1993. Mji wa Oka, karibu na Montreal, ulitaka kupanua uwanja wa gofu kutoka mashimo tisa hadi kumi na nane, ndani ya msitu wa misonobari ambao Wamohawk, nao wenyeji asilia, waliuhesabu kuwa wao, penye makaburi yao. Waliweka kizuizi. Tarehe 11 Julai 1990 polisi walivamia, risasi zikalia, koplo Marcel Lemay akafa. Jeshi likaja, na mvutano ukadumu siku 78. Obomsawin alisikia habari, akaacha kazi nyingine aliyokuwa nayo na kwenda. Aliishi upande wa ndani wa seng'enge na Wamohawk, wakati kamera nyingi za televisheni zilikuwa upande wa askari. Zingatia hilo unapotazama: katika habari za siku zile unawaona watu waliofunika nyuso wakikutazama, na katika filamu yake unawaona askari wakikutazama. Na anasimama katikati ya mapigano kurudi nyuma hadi mwaka 1717, mfalme wa Ufaransa alipowapa mapadri Wakatoliki wa shirika la Sulpice ardhi ile. Bila sehemu hiyo ungedhani ugomvi ulihusu gofu.

Halifax, mji wa pwani ya mashariki, pia usiuruke, hasa sisi watu weusi. Africville kilikuwa kitongoji cha weusi waliolipa kodi na kunyimwa mabomba ya maji na majitaka. Mji ulikibomoa miaka ya 1960, baadhi ya familia zikihamishiwa vitu vyao kwa malori ya taka, na kanisa likaangushwa usiku. Katika Remember Africville ya 1991 utawasikia wakazi wa zamani, na pia maofisa walioshiriki uamuzi ule. Radhi ya mji ilikuja 2010.

Kuhusu shule za bweni za serikali na makanisa, zilizokusudiwa kuwaondoa watoto wenyeji kwenye lugha na mila zao, na ambako zaidi ya 150,000 walipelekwa, wengi kwa nguvu, tume ya ukweli iliyozichunguza ilitoa ripoti yake ya mwisho 2015. Filamu ya Sugarcane ya 2024, ambayo Julian Brave NoiseCat aliiongoza pamoja na Emily Kassie, inafuatilia shule moja huko British Columbia ambako ukoo wake mwenyewe uliteseka. Usiitazame na watoto wadogo, na usiitazame ukiwa peke yako kama umepitia mambo mazito.

Kama una jioni moja tu, weka Restigouche: haifiki dakika 50. Kabla hujabonyeza, angalia mwaka na jina la mwongozaji. Hata jina lichunguze: You Are on Indian Land ya 1969, kuhusu Wamohawk waliofunga daraja la mpakani karibu na Cornwall, ilibeba jina la mtu mwingine kwa miaka mingi kabla ya bodi kumtambua Michael Kanentakeron Mitchell, Mmohawk aliyeongoza maandamano yale na filamu yenyewe. Kiingereza kikikupiga chenga, washa maandishi ya chini, simamisha, rudisha nyuma. Jumamosi ijayo nitaandika kuhusu Igloolik, kijiji cha Wainuiti kilichoikataa televisheni ya kusini kwa kura kabla ya kuanza kutengeneza filamu zake chenyewe.