Fundi wa pancha akikufuata ulipo: tundu la kuziba na tairi la kuacha

Mombasa ya leo si lazima ulisukume gari hadi kibandani kutafuta wa kukuzibia pancha. Unapiga simu, na fundi anakufuata kwa bodaboda na kompresa yake ndogo, jeki na kopo la gundi, uwe umekwama Nyali, Bamburi, Likoni au kwenye foleni ya Changamwe. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari tunaiunga mkono kazi hii, kwa sababu kukaa kando ya barabara usiku na gari bovu ni hatari kuliko pancha yenyewe. Kinachotusumbua ni matairi yanayofika karakanani siku au wiki kadhaa baadaye: kwa nje tundu limezibwa safi, kwa ndani tairi limeshakufa.

Barabara zetu zina vyuma vingi. Kati ya Kilindini, Makupa, Changamwe na Miritini malori ya makontena hayaishi, na yanachodondosha, nati, vipande vya waya, misumari ya mbao za kufungia mizigo, hubaki pembezoni, ambako ndiko dereva wa gari dogo anakokimbilia akipisha. Tairi lisilo na tyubu likichomwa na msumari mara nyingi haliishiwi upepo hapo hapo. Msumari wenyewe unaziba tundu. Kwa hiyo ukiuona, usiung'oe kwa koleo ili kuangalia urefu wake. Uache, pima upepo, ongeza kama kuna pampu karibu, halafu mwite fundi.

Akifika, swali la kwanza ni msumari umeingia wapi. Tairi lina uso unaokanyaga lami, lina mabega pale uso unapojikunja, na lina ubavu. Chini ya uso kuna mikanda ya nyuzi za chuma, na sehemu hiyo haipindi sana gari likitembea, ndiyo maana kiraka hukaa. Ubavu hauna mikanda hiyo. Unakunjwa na kunyooshwa kila gurudumu linapozunguka, na nyuzi zake zikishakatika hakuna gundi inayozirudishia nguvu. Tundu la ubavuni au begani halizibwi, hata liwe dogo kama la sindano. Tundu la usoni huzibwa ikiwa upana wake hauzidi milimita 6, yaani jembamba kidogo kuliko penseli. Wapo wanaochoma kiraka cha moto ubavuni na kukuhakikishia kwamba litashika. Kwa gari la abiria litakalokimbia barabara ya Nairobi likiwa na watoto ndani, jibu letu ni hapana.

Sasa kuhusu ule uzi wa kuzibia tundu. Wengi mmeona unavyotumika: fundi anachomeka bisibisi yenye meno ndani ya tundu, anaisokota kulikwaruza, anapitisha kwa sindano uzi mweusi au wa kahawia uliopakwa gundi, anaivuta sindano, kisha anakata mikia miwili inayobaki nje. Dakika chache, gurudumu halijavuliwa hata nati moja, na upepo hautoki. Uzi huo ni msaada wa kukufikisha karakanani. Kuuhesabu kuwa matengenezo kamili ni kosa, kwa sababu mbili. Ile bisibisi hulipanua tundu na inaweza kukata nyuzi za chuma zilizokuwa salama. Tena uzi hauzuii vizuri maji yasipenye kwenye mikanda, na kwa sisi wa pwani, wenye chumvi hewani na madimbwi barabarani, chuma kikianza kushika kutu ndani ya mpira huwezi kukiona hadi uso wa tairi uanze kujitenga.

Matengenezo kamili hufanyika tairi likiwa limetolewa kwenye rimu. Hutumika kiraka chenye mguu, umbo la uyoga: mguu unajaza njia ya msumari na kofia inagandishwa ndani. Fundi husugua eneo la ndani, hulisafisha, hupaka gundi na kuiacha ikauke kiasi kabla ya kubandika. Wako mafundi wa kuzunguka wenye vifaa vya kuvua tairi kwenye rimu, hasa wanaokuja na pikapu, na wasiokuwa navyo wanaweza kukufungia spea na kulichukua lililotoboka. Mwambie bila haya: "Fundi, litoe kwenye rimu tulione ndani." Fundi anayeijua kazi hatachukia.

Kulitazama ndani ndiko kunakoamua, kuliko hata tundu lenyewe. Tairi lililotembezwa bila upepo hubanwa kati ya rimu na lami, na ubavu wake hujisugua hadi ukapata joto la kuunguza. Pitisha kiganja ndani. Kikitoka na ungavu mweusi wa mpira, au ukiona mstari wa mikunjo unaozunguka ubavu wote kwa ndani, au nyuzi zimeanza kuchungulia, tairi hilo limekwisha, hata kama tundu ni la msumari mdogo katikati ya uso na meno bado ni mapya. Ndilo linalopasuka baadaye njiani, na mwenyewe akabaki akilaumu joto la Mackinnon Road, kwenye barabara ya Nairobi.

Kwa hiyo upepo ukiisha ghafla, simama mapema. Isipokuwa Daraja la Nyali. Pale usipige jeki: washa taa za hatari utambae pole pole hadi utoke darajani, ulipoteze tairi ikibidi. Ukishapata mahali pa kusimama, weka pembetatu za kuonya nyuma ya gari, abiria washuke wakae mbali na lami, na kama ni mchanga weka ubao chini ya jeki.

Lipo pia tairi ambalo halistahili kuzibwa kwa sababu lilishafika mwisho kabla ya msumari. Ndani ya mifereji ya uso kuna vinundu vidogo vya mpira. Uso ukilingana navyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6, na mvua za masika, hasa za Mei, zitaliteleza gari kwenye lami. Kivimbe ubavuni ni dalili kwamba nyuzi zimekatika. Viraka viwili havipaswi kupandana. Angalia na umri: ubavuni, mwisho wa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka mitano ya matumizi, na likifika kumi lisitumike tena, spea ikiwemo. Magari ya mitumba huruhusiwa kuingia nchini yakiwa na hadi miaka minane, kwa hiyo gari lililotoka bandarini juzi linaweza kuwa limesimama juu ya mpira uliozeeka, unaong'aa kwa rangi tu. Jua letu nalo huupasua nyufa ndogo ndogo.

Ukibadilisha mawili, mapya yafungwe nyuma. Madereva wengi hupenda kuyaweka mbele, na tunaelewa kwa nini, lakini nyuma ikiteleza kwenye maji gari huzunguka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, kama Subaru nyingi, linataka matairi yanayolingana kwa kuchakaa, ama sivyo gia na difu huumia.

Upepo ujazwe kwa kipimo cha kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, msiifuate. Kwenye magari ya Japani kibandiko husema kPa ilhali fundi wetu huzungumza psi, vipimo viwili tofauti vya upepo. kPa 230 ni kama psi 33. Pima tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya kutoka, maana baada ya safari ya jua la mchana kipimo hupanda chenyewe, na ukiupunguza upepo hapo, kesho tairi litakuwa na upepo pungufu.

Kabla fundi hajaondoka, paka maji ya sabuni kwenye kiraka, kwenye valvu na pale tairi linapokutana na rimu, kwa sababu chumvi hula rimu na upepo hupita hapo kimya kimya. Povu likichemka, kazi bado. Nati zikazwe kwa kuvukana, ukimaliza moja ufuate ya upande wa pili, si kwa kuzunguka, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa anayetoka Mombasa kwenda Nairobi, hapo ni Samburu au Mackinnon Road.