Saa 2 ipi?

Msimu wa korosho uliopita nilifunga vihisi 20 vya joto na unyevu katika ghala moja nje kidogo ya Masasi. Kila kimoja kilipima kila dakika na kutuma kwa mtandao wa simu. Karani wa ghala aliviita "vidude vya fundi". Korosho ghafi haitaki mchezo: mkulima ameshaianika hadi unyevu usizidi asilimia 10, lakini ikivuta maji tena ghalani inaota ukungu, na daraja linashuka.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Walionipa kazi walitaka data zote ziingie kwenye Excel, nami nikakubali. Piga hesabu: vihisi 20 mara dakika 1,440 za siku ni mistari 28,800. Ukurasa mmoja wa Excel unabeba mistari 1,048,576. Siku ya 37 ukajaa, msimu bado mbichi. Tukahamia kwenye kanzidata inayopanga vipimo kwa wakati. Hiyo ilikuwa kazi ya jioni moja.

Kilichonitoa jasho ni saa.

Siku moja unyevu ulipanda ghafla upande wa mlangoni. Kihisi kiliandika 17:00. Mwenzangu aliyekuwa akiingiza daftari la ghala kwenye mfumo alikuta karani ameandika, "Saa 2 mlango umefunguliwa, lori." Akaingiza 02:00. Basi mlango na unyevu vikaachana kwa saa 15, hakuna aliyevihusisha. Tukalaumu kihisi, tukakibadilisha. Lilipokuja lori jingine, kipya nacho kikaandika vilevile. Ndipo nikaenda kukaa na karani kwenye benchi.

"Saa 2 ipi hii, mzee wangu?"

"Ya usiku, fundi. Kwani nani anapakia lori saa 8 usiku?"

Saa 2 usiku ni 20:00 kwa majira ya Afrika Mashariki. Vihisi vyangu hutunza UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3, ndiyo hiyo 17:00. Mvua ilikuwa inanyesha, mlango uko wazi. Kihisi kilisema kweli na daftari likasema kweli. Aliyekosea ni sisi tuliovikutanisha bila kuuliza.

Na kuna lile la umeme. Ukikatika ukarudi wakati mtandao haupo, kidude kinawaka hakijui leo ni lini, kinaanza kuhesabu kutoka Januari 1, 1970, tarehe ambayo kompyuta nyingi huanzia kuhesabu muda. Kwa mujibu wa data zetu, korosho zile zilikuwa ghalani tangu enzi za TANU! Programu ya kusafisha ilikuwa inavifuta vipimo hivyo kimyakimya kama takataka, kumbe vilikuwa vizima, tarehe tu ndiyo mbovu. Siku hizi kila kipimo kinabeba nyakati mbili, wa kupimwa na wa kupokelewa, pamoja na namba ya mfuatano. Programu ya kusafisha haifuti tena data ghafi. Usafi unafanyika kwenye nakala.

Namba ya mfuatano ina kazi nyingine. Tunatuma kwa MQTT, itifaki iliyobuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, kwa hiyo mtandao wa kusuasua si mgeni kwake. Katika kiwango cha uhakika tunachotumia inaahidi ujumbe utafika angalau mara moja. Zingatia hilo "angalau": unaweza kufika mara mbili. Kanzidata ikiona kihisi kilekile na namba ileile, inaacha wa pili. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024, intaneti ya nchi iliyumba. Tangu hapo sifungi kidude kisicho na kadi ya kumbukumbu, ya kutunza vipimo hadi mtandao urudi.

Baada ya miezi mitatu tunabana vipimo vya dakika kuwa vya saa nzima. Wengi hapo hubakisha wastani peke yake. Mimi sikubali: unyevu uliopanda kwa dakika kumi za mlango wazi unayeyuka ndani ya wastani wa saa. Tunatunza pia kiwango cha juu na cha chini, na gharama yake ni ndogo mno.

Karani amepiga mstari wa safu mpya kwenye daftari, "mchana/usiku". Wiki ijayo napanda Newala kufunga vingine, na kabla ya kufungua boksi naanza na daftari la huko.