Olimpiki: Ukijua Pa Kutupia Jicho, Mchezo Unanoga

Tarehe 15 Septemba 2025, Dar es Salaam ikiwa imelala, mkimbiaji wetu wa marathoni Alphonce Simbu aliingia uwanjani Tokyo akimfukuza Mjerumani Amanal Petros. Walishakimbia zaidi ya kilomita 42 na zilibaki mita chache tu. Wakakata mstari pamoja, Petros akaanguka, saa ikawaandikia wote wawili 2:09:48. Ikabidi picha iamue. Simbu akawa bingwa wa dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Wiki ile swali la wanafunzi wangu lilikuwa moja: wanapimaje? Kanuni za riadha, ambazo ndizo zinazotumika pia kwenye Olimpiki, zinahesabu kiwiliwili kinapofika mstarini, yaani sehemu ya mwili kati ya mabega na kiuno. Kichwa, shingo, mikono na miguu havihesabiwi hata vikitangulia vyote. Kamera maalumu inapiga picha mfululizo za ule mstari peke yake, kisha waamuzi wanasoma ni kiwiliwili cha nani kilichougusa kwanza. Ndiyo maana wakimbiaji wanachomoa kifua mbele hatua ya mwisho, hata kama baada ya hapo watajibwaga chini. Fainali ya mita 100 ya wanaume Paris 2024 iliamuliwa hivyo hivyo: ubaoni Noah Lyles wa Marekani na Kishane Thompson wa Jamaika wote waliandikiwa 9.79. Walipohesabu hadi sehemu ya elfu moja ya sekunde, Lyles alikuwa na 9.784 na Thompson 9.789. Mguu wa Thompson ulikuwa umetangulia, lakini kifua cha Lyles ndicho kilichowahi.

Nafundisha elimu ya michezo chuoni hapa Dar, na ninavyomjua mtazamaji wetu, hamu ya Olimpiki anayo. Tatizo lake ni kwamba jicho lake limelelewa na soka. Limezoea kufuata mpira, na pasipo na mpira linatangatanga hadi mwenye kibanda umiza anaombwa abadilishe chaneli. Kila mchezo una mahali ambapo mambo yanaamuliwa. Sitaimaliza michezo yote hapa, nitaonyesha mahali hapo katika ile ambayo mtu wa Dar ataikuta kwenye runinga au jirani na kwake.

Tubaki kwenye riadha kidogo. Mbio fupi zinaanza kuamuliwa kabla hujamwona mtu akikimbia. Vile vibao vya kuanzia vinavyokanyagwa na wakimbiaji vimeunganishwa na mtambo. Mkimbiaji akianza kusukuma chini ya sekunde 0.1 baada ya mlio, anahesabiwa amewahi, kwa sababu inachukuliwa kwamba sikio na misuli ya binadamu haviwezi kuitikia upesi kiasi hicho, basi alibahatisha. Zamani kulikuwa na onyo. Siku hizi ukiwahi mara moja unatolewa, na hilo halikumwacha hata Usain Bolt, aliyetolewa kwenye fainali ya mita 100 ya mashindano ya dunia Daegu mwaka 2011. Katika kupokezana vijiti vya 4x100, achana na wanaokimbia na utazame kijiti: lazima kibadilishe mikono ndani ya eneo la mita 30. Kinachoangaliwa ni kijiti kilipo, miguu ya wakimbiaji hata ikiwa nje haina neno. Timu yenye watu wenye kasi kuliko wote inaweza kutolewa hapo kwa kuchelewesha mkono.

Mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji nitazipa nafasi zaidi, maana hizi ni zetu kihistoria. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha na zote za Moscow 1980: Suleiman Nyambui katika mita 5,000, na Filbert Bayi katika hizi za viunzi na maji. Wengi wanamkumbuka Bayi kwa rekodi ya dunia ya mita 1,500 aliyoiweka Christchurch mwaka 1974, dakika 3:32.16, akiongoza mbio mwanzo mwisho. Viunzi na maji ni kazi nyingine kabisa. Mkimbiaji anaruka viunzi 28 na shimo la maji mara 7. Kiunzi cha wanaume kina kimo cha sentimita 91.4, cha wanawake 76.2, na hakifanani na vile vya mita 110 vinavyolala ukivigusa. Hiki ni boriti nzito, ukiligonga unayeanguka ni wewe. Kanuni inakuruhusu kulikanyaga juu, na kwenye shimo la maji wengi hufanya hivyo ili wapate pa kujisukumia.

Sasa tazama shimo lenyewe. Kina chake kiko upande wa kiunzi, halafu sakafu inapanda taratibu mpaka inalingana na njia ya kukimbilia. Mwenye nguvu anaruka mbali, anatua ukingo wa mbali ambako maji yanafika kwenye kiatu, anaendelea. Aliyechoka anaangukia karibu, anazama hadi magotini, na kujitoa humo kunamgharimu. Kwa hiyo kuanzia mzunguko wa tano usihangaike na nani anaongoza, tazama nani anatua wapi. Moscow, Bayi alifyatuka kama kawaida yake na kuwaacha wenzake mbali, lakini Mpoland Bronisław Malinowski akawa anaula ule mwanya kidogo kidogo, akampita mzunguko wa mwisho. Malinowski 8:09.7, Bayi 8:12.5. Mimi naiona ile kama moja ya mbio za kishujaa kuliko zote alizokimbia Mtanzania, na inasikitisha kwamba shule zetu nyingi hazina hata shimo moja la maji la kufundishia.

Kuruka chini, yaani kuruka umbali hadi mchangani, ni rahisi kufuata: angalia ubao wa kurukia wenye upana wa sentimita 20. Kiatu kikivuka ukingo wake wa mbele, mruko umekufa. Urefu unapimwa kutoka ukingo huo hadi alama iliyo karibu zaidi mchangani, kwa hiyo anayetupa mkono nyuma anapotua anajipunja mwenyewe. Kuruka juu kunaisha kwa kukosa mara tatu mfululizo, na raha yake iko kwenye hesabu za kuamua kimo gani uruke na kipi ukiache kipite.

Kwenye kuogelea, watu wanalalamika kwamba wanaona maji tu. Anza na njia za katikati, ya 4 na ya 5. Huko ndiko wanakowekwa waliokuwa na muda mzuri kwenye mchujo, na ndiyo maana mbio nyingi zinakaa umbo la ncha ya mshale. Kisha tazama ukutani. Bwawa la Olimpiki lina mita 50, na baada ya kuanza au kugeuka, muogeleaji wa mtindo huru, chali au kipepeo anaruhusiwa kwenda chini ya maji mita 15 tu kabla kichwa hakijatokeza. Mabingwa wengi wanawaacha wenzao humo chini, mahali ambapo mtazamaji haangalii. Kwenye mtindo wa chura na kipepeo lazima mikono yote miwili iguse ukuta kwa pamoja. Ukigusa kwa mmoja, unatolewa. Na ukuta unaguswa kweli: pale mwisho kuna kibao kinachosimamisha saa kwa mgandamizo wa mkono.

Kanuni ya kuwahi ipo huku pia, na ndiyo iliyozaa kisa cha Eric Moussambani. Sydney 2000, huyu kijana wa Guinea ya Ikweta alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla. Kwenye mchujo wake wa mita 100 walikuwa watatu. Wawili wakatumbukia kabla ya ishara, wakatolewa, akabaki peke yake mbele ya uwanja mzima. Mita za mwisho alikuwa kama anazama, lakini alimaliza: dakika 1:52.72. Wapo waliocheka. Mimi nawaambia wanafunzi kwamba nafasi kama yake hutolewa makusudi kwa nchi ambazo mchezo huo bado mchanga, ili michezo ya dunia isiwe ya nchi chache zenye mabwawa. Tanzania ilikuwa na waogeleaji wawili Paris 2024, Collins Saliboko na Sophia Latiff. Jiji lenye bahari mlangoni kama hili letu lingeweza kuwa na zaidi.

Paris tulikuwa pia na mwanajudo, Andrew Thomas Mlugu. Judo inaonekana ni kuvutana nguo tu hadi ghafla mmoja yuko chini na pambano limekwisha. Pambano ni la dakika nne, lakini ukimtupa mwenzako akatua kwa mgongo, kwa nguvu, kasi na ukiwa umemdhibiti, hiyo ni ippon na mnasalimiana papo hapo. Kumbana chini kwa sekunde 20 nako ni ippon. Mtupo mzuri usiotimia ni waza-ari, na mbili zinakuwa ippon. Anayekwepa kupigana anapewa adhabu ya shido, na ya tatu inamtoa. Pa kutazama ni mikono: ile vuta nikuvute ya kugombea kola na mkono wa vazi ndiyo pambano lenyewe. Anayepata mshiko anaoutaka, mara nyingi ndiye anayetupa.

Ngumi za Olimpiki zinawachanganya mashabiki wetu waliozoea mapambano ya kulipwa ya raundi kumi. Hapa ni raundi tatu za dakika tatu tatu, majaji watano, na kila raundi mshindi anapewa 10, mwenzake 9 au pungufu. Hakuna muda wa kumsoma mtu raundi nne. Hesabu ngumi safi zinazofika usoni na mwilini, ukaidharau kelele ya ukumbi. Hata hivyo nakiri mchezo huu ndio unaonitia shaka zaidi kwa uamuzi, na sishangai kwamba uendeshaji wake ulizua mgogoro mpaka ikawa haijulikani kama utabaki. Mwaka 2025 ulipitishwa kwa ajili ya Los Angeles 2028.

Jimnastiki nayo ina majaji, lakini ukiijua hesabu yake utafurahi. Kuna alama ya ugumu, inayopanda kadiri mtu anavyothubutu, na alama ya utekelezaji inayoanzia 10 na kukatwa kwa kila kosa: kuanguka kunakula alama nzima, hatua ndogo ya kuyumba wakati wa kutua inakula 0.1. Hivyo tazama nyayo zinapogusa godoro. Anayesimama wima bila kuyumba amemaliza kazi. Watoto wa sarakasi wa jiji hili wanajua jinsi kilivyo kigumu kitu hicho. Paris, Kaylia Nemour wa Algeria alitwaa dhahabu ya kwanza ya Afrika katika jimnastiki.

Kwa wapenda mpira, anzeni na mpira wa mikono, ambao wengi tuliucheza UMISETA, michezo ya shule za sekondari, bila kuujua thamani yake. Wachezaji saba kila upande, uwanja wa mita 40 kwa 20, hatua tatu na sekunde tatu ukiwa umeushika. Eneo la mita 6 mbele ya goli ni la kipa peke yake, ila mshambuliaji anaruhusiwa kuruka juu yake alimradi auachie mpira kabla hajatua. Kanuni hiyo moja ndiyo inayozaa ile miruko ya hewani. Mpira wa wavu wa ufukweni ni watu wawili kwa wawili, seti za pointi 21, na hakuna wa kumwingiza hata jua likizidi. Tazama mkono ulio nyuma ya mgongo wa mchezaji wa mbele: kidole kimoja ni kumwambia mwenzake atazuia upande wa mstari, viwili ni upande wa mshazari. Wanaocheza Coco Beach Jumapili wangeiga hilo tu, mchezo wao ungebadilika. Mpira wa kikapu wa watatu kwa watatu unaisha kwa dakika 10 au anayefika pointi 21, goli moja kwa timu zote, sekunde 12 tu za kurusha. Umekaa kimtaa, hauhitaji maelezo.

Soka ya wanaume ni ya walio chini ya miaka 23, na watatu tu wanaruhusiwa kuzidi umri huo. Ya wanawake haina kikomo cha umri, kwa hiyo ndiyo yenye timu kamili. Kwa wanaume, Nigeria ilichukua dhahabu 1996 na Kameruni 2000, ushindi ambao bado unasimuliwa. Netiboli, wanaoniuliza kila mara, haimo.

Kalenda iko hivi. Michezo ya Olimpiki ya Vijana imepangwa Dakar, Senegal, kuanzia 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026, mara ya kwanza kwa shindano la Olimpiki kufanyika Afrika. Dakar iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo fainali zao za jioni ni usiku wa kawaida kwetu. Los Angeles 2028 ni 14 hadi 30 Julai, na huko ni saa kumi nyuma: fainali ya saa kumi na mbili jioni kwao itatukuta saa kumi alfajiri. Safari hii riadha inatangulia wiki ya kwanza na kuogelea kunafuata wiki ya pili, kinyume na tulivyozoea. Kriketi inarudi baada ya kuonekana mara moja tu, Paris 1900, na wazee wa viwanja vya Upanga na Gymkhana hawatahitaji mtu wa kuwafundisha kanuni zake.