Mtafiti wa tiba asili baada ya uzamivu: afundishwe nini?

Ninalea watafiti wachanga hapa Mtwara, na wengi waliomaliza uzamivu (PhD) huniuliza wanabakiwa na nini cha kujifunza. Kwenye uzamivu ulilishika swali moja chini ya msimamizi. Sasa unatakiwa utunge maswali yako, uombe fedha, uongoze timu. Marekani, kituo cha serikali cha NCCIH hugharamia mafunzo ya namna hii kwenye tiba shirikishi, yaani tiba asili na ya hospitali kwa mgonjwa mmoja. Kwetu, Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974.

Msimamo wangu: mafunzo yaanzie kwa mgonjwa na mganga, maabara ifuate.

Mama wa Newala anameza vidonge vya presha, na nyumbani ana chupa ya mizizi iliyochemshwa. Daktari hajui, maana mama anaogopa kugombezwa. Mtafiti ajifunze kuuliza bila kukunja uso: "Mama, na ile ya mizizi unakunywa kiasi gani?" Kisha aongozane na mganga hadi kwenye mti wenyewe. Akate tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, alibane katikati ya magazeti, ayabadilishe kila siku mpaka tawi likauke. Aandike tarehe, mahali, na jina analolitaja mganga. Mtaalamu wa mimea asipoliona tawi hilo, huwezi kuthibitisha ulipima mmea gani, hata mashine yako iwe ya bei gani.

Namna ya kuandaa dawa nayo ni data. Tu Youyou wa China, aliyepata Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria, alifanikiwa alipopunguza joto wakati wa kuitoa dawa kwenye mmea. Kitabu cha kale kilisema uloweke na kukamua. Basi mganga akiloweka, wewe usichemshe.

Na mtu asikuambie cha asili hakidhuru. Mmea uitwao St John's wort huharakisha ini kuvunja vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya ARV, dawa zikapungua nguvu. Hilo hulioni kwa kumpa panya mmea peke yake.

Kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kufanya utafiti kwa watu, kinajulikana, sitakirefusha. Ninachodai zaidi ni makubaliano ya mtafiti na mganga juu ya mgawanyo wa faida, yaandikwe kwa Kiswahili kabla jani la kwanza halijachumwa, na mganga abaki na nakala yake.