Sit-apu 200 hazimjengi mwanajimnastiki: maelezo kwa makocha na wazazi

Msimu wa mashindano ukiisha idara yetu ya ufundi huwa inapokea malalamiko ya aina mbili na safari hii yamezidi. Wazazi wanasema mtoto anaumwa kiuno na kila siku anafanya mazoezi ya kuimarisha mwili, sasa inakuwaje. Makocha nao wanasema mtoto ana siksipaki ya kuonekana kabisa lakini majaji wamemkata alama mpaka anatia huruma. Nimeombwa nijibu yote na nitayajibu kwa pamoja maana chanzo chake kwa sehemu kubwa ni kimoja, watoto wanafanyishwa mazoezi ya tumbo wakati wanachohitaji ni mazoezi ya umbo.

Misuli ya kati kazi yake kwenye mchezo wetu ni kushika mbavu na nyonga zikae pamoja wakati mikono na miguu inarushwa huku na kule. Hapo kuna tumbo la mbele, la pembeni, ule msuli wa ndani unaozunguka kiuno, misuli midogo inayoshikana na pingili za mgongo, na makalio, ambayo watu wanayasahau sana. Mtu akizunguka kwenye baa (ile fito ya kuning'inia) au akisukuma meza ya kurukia kwa mikono, nguvu inapita katikati ya mwili, kiuno kikilegea inaishia hapo hapo.

Sasa sit-apu, yaani kulala chali na kuinuka mpaka ukae. Mtoto amelala, mwenzake amemshika vifundo vya miguu, anahesabiwa mpaka 200. Miguu ikishikwa hivyo kazi kubwa inahamia kwenye misuli inayokunja nyonga, na mmoja wapo umeshika moja kwa moja kwenye pingili za kiuno, kwa hiyo akichoka unauvuta mgongo upinde, yaani tunamfundisha umbo lile lile tunalohangaika kumtoa. Hili tumelisema kwenye semina karibu zote na bado napokea video za watoto wanashindana nani kafanya nyingi. Jamani, idadi sio kipimo.

Kipimo ni mkao wa holo, yaani mwili ulionyooka na kupinda kidogo kwa mbele kama mtumbwi, na naomba nieleze taratibu kwa sababu wengi wanadhani wanaujua. Mtoto alale chali, ageuze nyonga kwa ndani mpaka sehemu ya chini ya mgongo iguse sakafu yote, kocha apitishe vidole pale kiunoni, vikipita zoezi halijaanza. Kisha ainue mabega kidogo, mikono iende juu ikibana masikio, miguu inyooke imebanana inyanyuke kidogo kutoka chini, kidevu kisining'inie wala kisibanwe kifuani, na apumue. Akibana pumzi anajidanganya, kwenye ruutini (onyesho zima) ya sakafu ya zaidi ya dakika moja huwezi kubana pumzi. Mgongo ukiachia sakafu tu, seti imeisha, hata kama ni sekunde ya 8. Hashindwi mtu hapo, anarudishwa kwenye hatua rahisi, akunje magoti au ashushe mikono pembeni, akiweza sekunde 20 hadi 30 safi ndio anarefusha mwili tena. Seti 4 au 5 zinatosha, kati yake apumzike nusu dakika mpaka dakika, siku 3 au 4 kwa wiki.

Upande wa nyuma usiachwe. Alale kifudifudi, abane makalio kwanza halafu ndio anyanyue kifua na miguu, ajirefushe zaidi kuliko kujikunja. Ubavuni planki ya pembeni, yaani mwili umenyooka ukishikiliwa na kiwiko kimoja na miguu. Akishakomaa aende kwenye kuning'inia kwenye ngazi ya ukutani na kupandisha miguu bila kujirusha, kukaa kwa mikono miguu imenyooka mbele, na kusimama kwa mikono tumbo likiangalia ukuta (ukuta ukiwa mgongoni wengi wanajipinda na hawajijui).

Kuhusu majaji. Kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki, FIG, alama ya utekelezaji (usafi wa mazoezi yalivyofanywa) inaanzia 10.0 na inakatwa kwa 0.10, 0.30 au 0.50 kulingana na ukubwa wa kosa, kuanguka ni 1.00. Magoti au viwiko vikikunjwa wanakata. Hatua ndogo ya kutua ni 0.10, kubwa 0.30. Kwenye pete za wanaume mkao wa nguvu unatakiwa usimame sekunde 2, ukipungua hapo ni 0.30, usiposimama kabisa ni 0.50 na zoezi halihesabiwi. Pembe ya mkao huo ikikosewa mpaka digrii 15 ni 0.10, mpaka 30 ni 0.30, mpaka 45 ni 0.50, ikizidi hapo pia halihesabiwi. Yani mtoto mwenye kiuno kilicholegea anakatwa 0.10 hapa, 0.30 pale, na anamaliza bila kuanguka hata mara moja, mzazi jukwaani anaona kaonewa. Na barua za rufaa kuhusu alama ya utekelezaji msituletee, kocha anaruhusiwa kuhoji alama ya ugumu (thamani ya mazoezi yenyewe) tu, tena kwa mdomo kabla alama ya anayefuata haijatoka, halafu anathibitisha kwa maandishi. Tumeshazirudisha nyingi.

Maumivu ya kiuno ndio yananinyima raha. Kujipinda nyuma mara nyingi mno kunaweza kutengeneza ufa mdogo kwenye sehemu ya nyuma ya pingili, mara nyingi ile ya tano ya kiunoni, na hatari inaongezeka kipindi mtoto anarefuka haraka. Dalili yake kubwa ni maumivu akijipinda nyuma, hasa akisimama mguu mmoja, na nafuu akipumzika. Mimi sio daktari wake na makala hii haitibu mtu, ila kocha asimwambie mtoto ni misuli tu, kaza. Asimamishe mipindo yote siku hiyo hiyo, mzazi ampeleke kwa daktari wa michezo na aeleze wazi kwamba mtoto anacheza jimnastiki, maana eksirei ya mwanzoni inaweza isionyeshe kitu na daktari akaamua apigwe MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili. Akisikia ganzi mguuni au maumivu yakamwamsha usiku, asisubiri hata siku moja.

Arudi mazoezini kwa ruhusa ya maandishi, na fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) aandike nini kimeruhusiwa na nini bado, sio neno "amepona" peke yake. Aanze na holo ya magoti yaliyokunjwa, mipindo iwe ya mwisho kabisa kurudishwa, na maumivu yakirudi anarudi kwa daktari kabla ya kurudi ukumbini.