Je, wajua kwa nini ukijikwaa kidole maumivu huja nyuma?

Stima ilipotea Kibokoni, Mombasa, baada tu ya magharibi, nami nikawa nashuka ngazi za nyumba ya dada yangu kwa kupapasa ukuta. Kipandio cha mwisho nilikihesabu vibaya. Kidole gumba cha mguu kikagonga pembe ya baraza, nikasema "Eh!" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeona sahani ikianguka jikoni. Kisha kimya kidogo. Kisha nikapiga yowe la kuwatoa watu madirishani.

Mpwa wangu wa sekondari, ambaye maswali yake hayana likizo, alikuwa akinimulikia kwa simu. Pole hakunipa. "Mjomba, mbona umelia mara ya pili na si ya kwanza?"

Nikamjibu huku nimekishika kidole: mishipa ya fahamu ni nyaya za stima, mguu umebonyeza swichi, taa imewaka kichwani.

"Kama ni waya, taa ingewaka pale pale."

Nilimwambia aende akaangalie kama maziwa yamechemka. Lakini usiku nililala na swali lake, kwa sababu jibu nililompa ndilo nililofunzwa shuleni, nami nimelirudia kwa watu wengi kwa uhakika mkubwa. Na si mimi peke yangu. Tangu Luigi Galvani wa Bologna achapishe mwaka 1791 habari za miguu ya chura iliyorukaruka kwa umeme, picha ya waya mwilini imekataa kututoka. Umeme upo, hilo si uongo. Uongo uko katika neno "waya".

Ndani ya waya wa shaba ishara hukimbia kwa kasi inayokaribiana na ya mwanga, ambayo ni kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Kama mwili ungekuwa na nyaya za namna hiyo, umbali wa kutoka kidoleni hadi kichwani usingehesabika. Mjerumani Johannes Müller, bingwa wa elimu ya mwili wa zama zake, aliona kwamba mwendo wa ishara hiyo hautapimika kamwe. Mwanafunzi wake Hermann von Helmholtz akaupima hata hivyo, mwaka 1850, kwa mshipa wa chura, akapata kama mita 27 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 97 kwa saa: matatu ya Malindi iliyovuka kikomo chake cha 80, dereva akiomba Mungu asikutane na askari.

Binadamu ana mishipa ya mwendo tofauti tofauti. Ile inayoleta habari ya kuguswa huenda kati ya mita 35 na 75 kwa sekunde. Ile inayoleta maumivu mazito, yale ya kusaga meno, huenda kati ya nusu mita na mita 2 tu kwa sekunde, mwendo wa hamali na mkokoteni uliojaa. Kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo ni kama mita moja. Kwa hiyo habari ya kugongwa ilishafika, nikasema "Eh!", na mkokoteni wa maumivu ungali njiani. (Kuna daraja la tatu hapo kati, mishipa inayoleta mchomo mkali wa haraka. Nimeipita kwa sababu kidole changu siku ile hakikunipa nafasi ya kuitofautisha.)

Sasa, kwa nini polepole hivyo? Hapa ndipo waya unapotuangusha kabisa, na mimi nimepata nafuu kwa kufikiria Mtaa wa Biashara, pale wanapouza leso.

Mtaa huo ndio mshipa wa fahamu. Chukua alfajiri, maduka yote yamefungwa, milango ya bati imeteremshwa. Barabarani kumejaa wateja wanaosukumana. Hao ni chembe za sodiamu, nusu ya chumvi ya mezani, zenye chaji chanya. Ndani ya maduka wamo watu wengine, chembe za potasiamu. Ukipima tofauti ya umeme kati ya ndani na nje utapata kama milivolti 70, ndani kukiwa hasi, na wateja wa nje wana hamu kubwa ya kuingia. Mlango wa duka la kwanza ukiinuliwa, wanamiminika. Kishindo chao kinatikisa ukuta wa jirani, na mlango wa jirani, ambao umetengenezwa kufunguka ukitikiswa, unajiinua wenyewe. Wateja waliosimama mbele yake nao wanaingia. Ukuta wa tatu unatikisika. Hivyo hivyo hadi mwisho wa mtaa.

Angalia kilichotokea. Hakuna mteja hata mmoja aliyetembea kutoka duka la kwanza hadi la mwisho. Kila mmoja alivuka kizingiti kimoja tu, cha mbele yake. Kilichosafiri ni kule kufunguka. Na kila mlango hujifunga baada ya kama sehemu ya elfu ya sekunde, ukagoma kufunguka tena kwa kitambo, ndiyo maana kishindo hakirudi nyuma. Watu wa ndani hutokea mlango mwingine, hali ikatulia, kisha mabawabu huanza kazi isiyokwisha ya kuwarudisha watu mahali pao: sodiamu 3 nje, potasiamu 2 ndani. Kazi hiyo hula nguvu nyingi. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake.

Kufungua duka baada ya duka kunachelewesha. Faida yake ni kwamba ishara haififii: duka la mwisho hufunguka kwa kishindo kile kile cha la kwanza. Kwa hiyo pia hakuna kishindo kikubwa cha maumivu makali na kidogo cha maumivu madogo. Kinachobadilika ni mara ngapi mtaa unafunguka kwa sekunde, na mitaa mingapi inafunguka pamoja. Ile mishipa ya kasi imezibwa kwa mafuta sehemu kubwa ya urefu wake, milango ikabaki hapa na pale, na kishindo huruka kutoka mlango hadi mlango. Ile ya mkokoteni haina mafuta hayo.

Kufunguka huku kwa milango kulipimwa kwa ngisi. Ndiyo, ngisi, huyu tunayemkaanga. Ana mshipa wa fahamu unaoweza kukaribia unene wa milimita 1, mkubwa kiasi cha kupenyezwa elektrodi, yaani sindano ya kupimia umeme, ndani. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walifanya hivyo Plymouth, Uingereza, mwaka 1939, vita vikawakatiza, wakaja kuchapisha hesabu zao mwaka 1952 na kupata Nobel mwaka 1963. Mkono wa pweza uliokatwa sasa hivi ukinyunyiziwa chumvi hujinyonganyonga ubaoni. Mishipa yake bado hai, na umeiletea wateja.

Mwisho wa mtaa kuna maji. Seli moja ya neva, ile ambayo mtaa wetu ni mkono wake mrefu, kwa kawaida haigusani na ya pili; kati yao kuna mwanya wa kama sehemu 20 za milioni ya milimita. Kishindo hakivuki. Seli humwaga kemikali, nazo ndizo zinazovuka na kugonga mlango wa ng'ambo. Otto Loewi alilionyesha hilo mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura: aliupunguza kasi mmoja kwa kuuchochea mshipa wake wa fahamu, akachukua maji yaliyouzunguka, akayatia kwenye wa pili, nao ukapunguza kasi. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia ndotoni, akaliandika, na asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi.

Wa Mombasa tuna feri ya Likoni na daraja la Nyali. Ubongo nao unavyo vyote viwili: vivuko vya kemikali ndivyo vingi, lakini kuna mahali seli zimeunganishwa moja kwa moja. Camillo Golgi aliamini ni daraja tupu, Santiago Ramón y Cajal akashikilia kwamba kila seli imesimama peke yake. Mwaka 1906 walipewa Nobel moja, na Golgi akatumia hotuba yake kumpinga mwenzake.

Ukishaelewa kishindo, vifaa vipya vinavyotangazwa kuwa "vinasoma mawazo" vinapungua makuu kidogo. Elektrodi iliyopandikizwa kwenye ubongo ni sikio lililowekwa ukutani: inasikia milango ikifunguka karibu nayo. Kifaa cha Neuralink, kampuni ya Marekani, kilichowekwa kwa mtu wa kwanza Januari 2024 kilikuwa na elektrodi 1,024. Seli za neva za ubongo ni kama bilioni 86. Hata hivyo hizo chache zinatosha kwa mambo ya ajabu. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walimwezesha mwanamke aliyepoteza usemi kwa maradhi kutoa maneno 62 kwa dakika kwenye skrini. Hawakusikiliza fikra zake. Walisikiliza sehemu ya ubongo inayoendesha midomo na ulimi wakati anajaribu kusema, na programu iliyofunzwa Kiingereza ikakisia neno. Anayetaka kusema "ng'ombe" kwa mashine hiyo bado ana safari.

Kuna vifaa vinavyofanya kinyume, vikipeleka umeme ndani. Kwa wagonjwa wa Parkinson vimetuliza mitetemeko tangu miaka ya mwisho ya 1980, na wataalamu bado wanabishana ni kwa njia gani hasa.

Mpwa wangu, nilipomweleza haya yote, alitaka kujua chuma kinakaaje ndani ya kichwa kilichojaa maji ya chumvi. Yeye ameona mabati ya nyumba zinazotazama bahari. Nikamwambia ndiyo shida yenyewe: ncha za sindano hufanywa kwa platinamu au iridiamu, zisizoshika kutu upesi, lakini kizio kinachozifunika huchakaa, na ubongo nao huzizungushia kovu hadi zikaanza kusikia kwa mbali. Za yule mtu wa kwanza wa Neuralink, baadhi ya nyuzi zilizobeba elektrodi zilichomoka baada ya wiki chache tu.

"Kwa hivyo sikio limetoka ukutani," akasema, akaenda kuangalia maziwa.