Eti wenye dini ndo wenye akili ndogo? Hebu tuitazame hiyo namba

Mtoto wa kaka yangu anasoma Ulaya, mwaka wa pili huu. Wiki iliopita kanitumia skrinishoti kwa wasap saa tano ya usiku: "Ami, hawa wanasema wanasayansi wamethibitisha watu wa dini akili zao ndogo. Ni kweli?" Chini yake kaweka kikatuni cha kucheka, lakini mtoto huyu nnamjua, kikatuni kile ni cha kuficha haya tu, swali limemkaa kifuani.

Kwa msionijua, mimi kazi yangu ni vipimo. Nimesomea saikolojia ya elimu, nasomesha takwimu, na miaka mingi nimekuwa nikihangaika na maswali ya kupimia watoto wa skuli, hapa Unguja na kwetu Pemba. Kwa hivo swali lenyewe limenikuta nyumbani, na jibu langu la mwanzo lilimtia wasiwasi zaidi maana nlimwambia namba ipo kweli, hawajaizua.

Iko hivi. Mwaka 2013 watafiti watatu, Miron Zuckerman, Jordan Silberman na Judith Hall, walikusanya tafiti 63 za watu wengine wakazichanganya kuwa moja, wakakuta uhusiano wa kinyume, yaani kimoja kikipanda chengine hushuka, baina ya alama za mitihani ya akili na nguvu ya imani. Kwa wanafunzi wa chuo kikuu na watu wazima wa kawaida wastani wake ulikuwa -0.24. Baadae Zuckerman na wenzake wakarudi na tafiti 83, picha haikubadilika sana. Hapo ndo maneno ya kwamba watu wa dini akili zao ndogo yakapata pa kushika.

Sasa -0.24 ni kitu gani? Kipimo hiki kinakwenda kutoka -1 mpaka +1, na katikati pale 0 maana yake vitu viwili havijuani kabisa. Ukiizidisha -0.24 kwa yenyewe unapata karibu 0.06, yaani katika tofauti zote za watu kwenye imani ni asilimia 6 tu ndo inakwenda sambamba na alama za akili, ile 94 iliobaki ina mambo yake: mama aliekulea, mtaa ulozaliwa, maradhi ulougua, mke ulooa. Kama asilimia hazikuingii chukua watu 100 wa kule walikopimwa, wote wawe wale wa nusu ya juu kwa akili. Kungekuwa hakuna uhusiano wowote, 50 wangekuwa nusu ya juu kwa dini na 50 nusu ya chini. Kwa hii -0.24 ukipiga hesabu inakuja kama 42 kwa 58. Ndo hiyo. Katika kila watu 100 wenye kichwa kizuri, 42 dini imewakolea, halafu mtu anakwambia imethibitishwa. Mie ningepewa dawa yenye nguvu kiasi hicho ningeirudisha dukani.

Na kuna vitu viwili ndani ya utafiti huohuo ambavyo kwenye skrinishoti havitiwi. Cha kwanza, kwa watoto na vijana ambao hawajafika umri wa chuo kikuu uhusiano ule unakuwa dhaifu zaidi. Cha pili, ni dhaifu zaidi pia ukipima vitendo, kwenda kanisani na mfano wake, kuliko ukipima imani ya moyoni. Sasa kama kichwa kizito ndo kinachomvuta mtu kwenye dini, kwa nini kisimvute tokea mdogo?

Zuckerman na wenzake wana maelezo kadhaa na moja mimi naliona lina maana kubwa kuliko mengine, wanasema mtu mwerevu huwa hapendi kufata mkumbo, na tafiti zao nyingi zimefanywa Marekani na nchi za Magharibi, pahala ambapo jadi ya watu ilikuwa kuamini, kwa hivo asiyetaka kwenda na watu akaishia nje ya dini. Lisome tena hilo polepole. Likiwa ni kweli basi kinachopimwa pale ni mtu kujitenga na jamaa zake, dini imeingia kwa sababu ndo jamaa walokuwa nayo. Ipeleke nchi ambayo wengi hawaamini uone kama mkumbo hauji upande wa pili. Wao wenyewe waliandika kwamba data walizokuwa nazo haziwaruhusu kusema kitu cha maana juu ya dini nyengine na tamaduni nyengine. Sifa yao hiyo, wamesema. Aliyetengeneza skrinishoti hakusema.

Maelezo yao mengine ni kwamba wenye akili hufikiri kwa kuchambua, na kuchambua ndo kunapunguza imani. Hapa kuna swali moja maarufu, mie huwauliza wanafunzi wangu kwa sura yetu: daftari na kalamu jumla shilingi 1,100, daftari limezidi kalamu kwa shilingi 1,000, kalamu bei gani? Jibu linalokuja mdomoni ni 100. Siyo. Ni 50, piga mwenyewe. Tafiti za 2012 kule Marekani zilikuta wanaojibu lile la haraka wanaamini zaidi kidogo. Mwaka huohuo Will Gervais na Ara Norenzayan wakatoa mambo mazito zaidi, moja ya majaribio yao ilikuwa kuwaonesha wanafunzi wa Canada picha ya lile sanamu la mchongaji wa Kifaransa, Rodin, mtu amekaa kashika kidevu anafikiri, na waliolitazama wakasema wanaamini kidogo kuliko wenzao waliooneshwa sanamu jengine. Sanamu tu! Dunia nzima ikalizungumza. Mwaka 2017 watafiti wengine wakalirudia jaribio lile kwa watu wengi zaidi, hawakupata kitu. Na Gervais mwenyewe mwaka 2018 akatoa kazi ya nchi 13, zikiwemo India, Mauritius na Falme za Kiarabu, akasema uhusiano wa kuchambua na kutoamini ni dhaifu na unabadilika nchi kwa nchi. Mtu wa sayansi anaejirudi hadharani namna hiyo mie namvulia kofia, lakini habari ya kujirudi haisambazwi kwa wasap.

Haya, twende kwetu.

Kuna mwaka wanafunzi wangu walitaka kufanya zoezi la darasani, wakachukua dodoso la kizungu la imani wakalitafsiri, maswali kama "unaamini Mungu yupo kwa kiasi gani", unazungushia namba kutoka 1 mpaka 7. Nikawaambia nendeni. Walivorudi karatasi karibu zote zina 7, 7, 7, mpaka chini. Na kijana mmoja alietumwa Kizimkazi kamkuta bibi mmoja, kamsomea swali, bibi kamuuliza, "Mwanangu, saba ndo mwisho? Hakuna nane?"

Yule bibi kanifanyia somo zima la takwimu. Uhusiano hauwezi kuonekana mpaka vitu vyote viwili viwe vinapanda na kushuka. Zanzibar karibu watu wote ni Waislamu, sensa ya 2022 imetukuta milioni 1.9 hivi, na ukiwauliza wanaamini utapata saba zilizopangwa mstari. Mwenye akili nyingi saba, mwenye kidogo saba, muuza pweza Forodhani saba, daktari saba. Hapo huna cha kulinganisha, ni kama kutaka kujua chumvi inafanya nini kwenye mchuzi wakati masufuria yote yametiwa chumvi sawasawa.

Halafu hapa kwetu historia imekwenda upande wa pili kabisa. Mtoto aliekuwa na kichwa alipelekwa wapi? Chuoni kwanza, chuo cha Qurani, akimaliza juzuu mapema maalim anamwambia baba yake huyu msimpoteze, asomeshwe zaidi. Sayyid Ahmed bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija mwaka 1861, alikuwa nahodha kabla hajawa kadhi hapa Unguja, na nahodha wa zama zile bila ya hesabu za nyota hafiki popote. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alikuwa mwalimu wa skuli za serikali, kawa kadhi wa Zanzibar mwaka 1960, na tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ilikamilika 1969. Sisemi hawa ni ushahidi kwamba dini inaongeza akili, nikisema hivo ntakuwa nafanya kosa lilelile la skrinishoti, mtu mmoja mmoja si takwimu. Ninachosema ni kwamba kama ungepima Mji Mkongwe wa wakati ule pengine ile alama ya kutoa ingegeuka ya kujumlisha, kwa sababu elimu na dini zilikuwa zinaingilia mlango mmoja.

Na hiyo "akili" yenyewe tunaipimaje? Kipimo cha mwanzo alikitengeneza Alfred Binet na mwenzake Simon, Paris, 1905, kazi yake kuwatambua watoto wanaotaka kusaidiwa skuli. Kwa hivo tokea kuzaliwa kwake kipimo kina harufu ya skuli. Kuna kisa nakipenda mno cha mtafiti Joseph Glick kuhusu Wakpelle wa Liberia: watu waliambiwa wapange vitu vinavyokwenda pamoja, wakaweka kisu na chungwa maana kisu ndo kinakata chungwa. Mwerevu ndo anapanga hivo, wakasema. Mwishowe akawauliza, na mjinga angepangaje? Wakaweka vyakula huku na zana kule, safi kabisa, vilevile kama kitabu cha mzungu kinavyotaka. Mie nimewahi kukaa na mtoto Micheweni nna karatasi za maswali mkononi nikakikumbuka kisa hiki, nikaona haya.

Na skuli yenyewe inaingia humuhumu. Webster na Duffy mwaka 2016 walizirudia data za Zuckerman wakaona ule uhusiano umekuwa ukipungua kadri miaka inavyokwenda, na kwamba sehemu yake inaelezwa na elimu na ubora wa maisha. Ndo ninavyoona mimi pia. Pemba kwetu utafiti uliochapishwa 2001 uliwapa watoto wadogo, wa chini ya miaka mitano, madini ya chuma kila siku kwa mwaka mzima, na lugha yao ikaendelea vizuri kuliko wasiopewa. Chuma, basi. Mtoto mwenye upungufu wa damu na minyoo tumboni atapata alama ndogo, na nyumba alikotoka huenda watu wakaswali sana, hivo viwili vimekutana nyumbani kwa maskini wala kimoja hakikuzaa chengine. Na kuna kazi ya 2008 ya watafiti Mwaura, Sylva na Malmberg, Kenya, Uganda na Zanzibar, juu ya zile skuli za maandalizi za madrasa, watoto wake waliendelea zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko wa maandalizi za kawaida, na hao wakawapita waliobaki nyumbani. Haikuwa miujiza, walimu walifundishwa vizuri, vifaa vilikuwepo.

Mkiletewa ile kazi ya nchi 137 ya mtafiti Lynn na wenzake, ya 2009, eti nchi zenye wasioamini wengi zina IQ kubwa, yaani wastani mkubwa wa alama za akili, namba yao ni 0.60 na inatisha kuitazama. Lakini IQ za nchi nyingi mle zimetoka kwenye data mbovu, na nchi si mtu, nchi ina mahospitali, ina skuli, ina historia, kuna nyengine zina wasioamini wengi kwa sababu serikali za kikomunisti ziliwakataza watu kusali. Hiyo mie siijadili kwa urefu, haistahiki.

Yote haya nlimuandikia kijana kwa vipande vipande, akasoma, tiki mbili za buluu, kimya. Halafu ikaja: "Sasa ami, mimi nimo kwenye 42 au 58?" Nikamtumia lile swali la daftari na kalamu. Hazikupita sekunde tano kanijibu, 100. Nikamwambia lirudie asubuhi, hapa kwetu ishagonga saa nane ya usiku na mie nna kipindi cha mwanzo.